Mahindi ya Nyakoe, Mahindi ya Nyansiongo

Vijana wa mahakamani, karani wenu mkuu amenisumbua wiki tatu sasa niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau, kana kwamba kusahau ni kazi nyepesi. Nimestaafu mwezi uliopita. Miguu yangu ilistaafu mapema zaidi. Mkalimani hutafsiri akiwa amesimama, na mimi nimesimama kando ya kizimba cha mahakama ya Kisii kwa miaka kumi na saba, kwa hiyo mkiniona nikiteremka mjini kama mtu anayekanyaga mayai, msidhani ni pombe. Mimi ni Msabato, na hata ningetaka kulewa ningekosa nguvu ya kubeba chupa.

Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Hazitachukua nafasi kubwa.

Niliingia kazini mwaka mmoja kabla ya uhuru, nikitoka kufundisha shule ya msingi. Asubuhi ya kwanza nilivaa tai ya kuazima, nikamkuta Mzee Onchiri, mkalimani mkuu, akichonga penseli pande zote mbili kwa wembe. Alikuwa mtu mfupi, kipara, mwenye sauti ya kusikika hadi kituo cha polisi. Hakunikaribisha. Alinipa penseli mbili, kijitabu kimoja na kipande cha tangawizi. "Cha kutafuna koo likikauka," akasema. "Maji usinywe. Hakimu haahirishi kesi kwa sababu ya kibofu chako."

Kesi yangu ya kwanza ilikuwa ya ng'ombe aliyeibwa. Mshtakiwa alisema kwa Ekegusii, lugha yetu, kwamba hajamwona huyo ng'ombe, nami nikamwambia hakimu kwa Kiingereza, "Anasema hajamwona huyo ng'ombe." Mzee Onchiri akanikanyaga mguu. Mshtakiwa akasema neno la pili, nikaanza tena na "Anasema," nikakanyagwa tena. Wakati wa chai ndipo aliponieleza.

"Akisema 'mimi', sema 'mimi'. Akitukana, tukana. Akilia, nyamaza, kilio kinasikika bila wewe. Usimpunguzie, usimwongezee, usimfafanulie. Na hesabu zake usimpigie."

"Hesabu gani, mzee?"

"Utaziona."

Niliziona wiki hiyo hiyo. Hakimu hutaka miaka na miezi. Mtu wetu wa kijijini, hasa wa wakati ule, alihesabu kwa mazao na mvua. Ukimwuliza alioa lini, anakwambia ni mwaka ule nzige walipokula wimbi. Ukimwuliza ugomvi wa mpaka ulianza lini, anakwambia tulikuwa tunapalilia. Mzee Onchiri alimpelekea hakimu palizi ya shahidi na nzige wake vivyo hivyo, na hakimu akakunja uso, akauliza tena, shahidi akajibu tena, na saa nzima ikapotea kutafuta mwaka mmoja. Mimi niliona huo ni uzembe. Nilikuwa nimefundisha hesabu. Nyuma ya kijitabu changu nikachora jedwali: nzige ni mwaka fulani, palizi ni miezi fulani, mavuno ya sehemu za chini ni mwezi wa nane, mavuno ya kule juu kwenye baridi ni Desemba. Shahidi akisema mavuno, mimi nasema Desemba. Mzee Onchiri alipokwenda kustaafu na kulima majani chai yake karibu na Itumbe, nikabaki na jedwali langu, na mahakimu wakanipenda. Mmoja alinisifu mbele ya watu kwamba kesi zangu zinakwenda haraka. Nilikwenda nyumbani siku hiyo nikitembea kama jogoo.

Hapo niseme kidogo juu ya sheria, maana ninyi mnaisoma na mimi niliisikia tu. Anayeua mtu kwa kukusudia hunyongwa. Jaji hana hiari, hata akiwa na huruma ya kujaza gunia. Lakini wabunge wa zamani waliweka mlango mmoja mdogo kwa ajili ya mama. Mwanamke akimuua mtoto wake mwenyewe, naye akili yake ilikuwa imevurugika kwa sababu ya uzazi au kunyonyesha, basi halitakuwa kosa la kunyongwa. Atafungwa miaka, kisha atarudi. Mlango huo una kipimo chake: mtoto awe hajatimiza miezi kumi na miwili. Mtoto akiwa na miezi kumi na mmoja, mama atatoka gerezani siku moja. Akiwa na miezi kumi na mitatu, mama atakufa. Nilikuwa nikikijua kipimo hicho kwa kichwa tangu mwaka wangu wa pili, na bado haya ninayowaeleza yakatokea.

Kwamboka aliletwa kwetu miaka michache baada ya uhuru. Alitoka Nyansiongo, kule juu kwenye baridi, kwenye mashamba ya walowezi yaliyogawiwa watu wetu. Alikuwa na miaka kama ishirini na miwili, mrefu, amefungwa leso kichwani vibaya kama mtu aliyefungwa na mwingine, na kweli alikuwa amefungwa na askari jela. Mtoto wake wa kiume alikuwa amekutwa kwenye kijito chini ya shamba. Kwamboka mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwambia mama mkwe wake. Alimwambia amemlaza mtoto kwenye maji ili apumzike, na sasa yeye pia anaweza kupumzika.

Siku zile kesi ya mauaji ilianza kwa hakimu wetu, ushahidi ukaandikwa, ndipo ikapelekwa kwa jaji. Shahidi mkubwa alikuwa huyo mama mkwe, Bosibori, mama wa makamo mwenye koti la mwanamume na macho yaliyokauka kwa kulia. Hakumchukia mkazamwana wake. Alieleza kwamba tangu kujifungua Kwamboka hakulala, aliongea peke yake shambani, aliacha chakula kikapoa mbele yake. "Nilisema ni uchovu," alisema. "Sote tumechoka. Nilimwambia tu aamke akachote maji." Nilimtafsiri neno kwa neno, kwa 'mimi' yake, nikitafuna tangawizi.

Kisha hakimu akauliza mtoto alikuwa na umri gani.

Bosibori akafikiri. "Alizaliwa tukivuna mahindi," akasema. "Tukavuna tena. Tangu kuvuna huko hadi alipokufa ni miezi sita."

Ilikuwa karibu saa saba ya mchana. Njaa iliniuma, kulikuwa na kesi nyingine nne za kungoja, na hakimu alikuwa ameshainua kalamu. Watu wa Nyansiongo, nikajiambia, huvuna Desemba. Desemba hadi Desemba ni mwaka, ongeza miezi sita tufike Juni, mwezi aliokufa. Hesabu ilikaa vizuri kama kifuniko na chungu chake. Nikasema kwa Kiingereza, "Alikuwa na mwaka mmoja na nusu." Hakimu akaandika. Bosibori hakujua Kiingereza. Kwamboka hakujua. Daktari alikuwa ameandika kwamba marehemu ni mtoto mwenye afya, wa mwaka mmoja au zaidi kidogo, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Nikaenda kula githeri.

Jaji alifika Kisii baada ya miezi kadhaa, akakaa siku tano kwa kesi zote za mauaji za wilaya. Alikuwa mzungu mzee, mpole, aliyekohoa sana. Kwamboka alipewa wakili kijana wa serikali kutoka Kisumu, aliyesoma jalada lake asubuhi ile ile kwenye benchi la nje. Naye hakuwa mjinga. Alisimama akasema huyu ni mama aliyevurugika kwa uzazi, ushahidi wote unasema hivyo, na mama mkwe amesema hivyo. Jaji akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. Akasema angependa sana kupita kwenye mlango huo, lakini mtoto alikuwa na mwaka na nusu, na mlango umefungwa. Bosibori alipoulizwa umri tena, alirudia maneno yake ya mavuno, nami nikarudia hesabu yangu, maana nilikuwa nimeshaipiga na imeandikwa kwenye jalada. Wazee watatu waliokaa na jaji kumshauri walikuwa Wagusii kama mimi, walisikia mavuno kama nilivyosikia, na kila mmoja bila shaka alimpigia hesabu kimoyomoyo kama nilivyofanya. Wakatoa maoni yao, kazi yao ikaisha.

Jaji akamwona ana hatia. Kabla ya kutoa adhabu, sheria inataka mshtakiwa aulizwe kama ana neno. Siku zote mbili za kesi yake Kwamboka hakuwa amefungua mdomo, maana wakili alimshauri anyamaze. Nikamwuliza. Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza, kama mtu anayeamshwa usingizini.

"Mwanangu hakukaa," akasema. "Alikuja na mahindi ya Nyakoe, akaenda kabla mahindi ya Nyakoe hayajavunwa tena. Hata mzunguko mmoja hakumaliza."

Nyakoe ni kule chini, karibu na mjini. Mahindi ya Nyakoe huvunwa mwezi wa nane. Kama mtoto alizaliwa Nyakoe mwezi wa nane, kisha familia ikahamia Nyansiongo na kuvuna huko Desemba ile ile, basi mavuno mawili ya Bosibori hayakuwa na mwaka katikati. Yalikuwa na miezi minne. Ongeza sita. Mtoto alikufa akiwa na miezi kumi.

Mmoja wa wale wazee watatu aliinua kichwa akanitazama.

Jaji akangoja. "Anasema nini?"

Nikamtafsiria. Neno kwa neno, kama nilivyofundishwa: mwanangu alikuja na mahindi ya Nyakoe, akaenda kabla mahindi ya Nyakoe hayajavunwa tena. Jaji akaniuliza, "Anazungumza juu ya mahindi?" Nikajibu, "Ndiyo, Mheshimiwa." Akaandika kitu kifupi. Wakili alikuwa anakusanya karatasi zake.

Sasa ninyi mtaniuliza kwa nini sikusema. Nimejiuliza mimi kabla yenu, mara nyingi kuliko mnavyoweza. Nilijiambia mkalimani hafafanui. Nilijiambia kanuni ni kanuni. Ukweli ni kwamba niliogopa. Kuyafafanua mahindi yale kulimaanisha kusema mbele ya jaji, wakili, polisi na nusu ya mji kwamba kosa ni langu, na kwamba jedwali langu la kusifiwa lilikuwa limemweka mwanamke huyu mahali aliposimama. Basi nikashika kanuni ya Mzee Onchiri siku ile moja ambayo ilinifaa mimi.

Jaji akasoma adhabu: kifo, kwa namna iliyoamriwa na sheria. Nikamwambia Kwamboka kwa Ekegusii. Alikunja uso kidogo.

"Namna gani?" akaniuliza.

Jaji hakuulizwa swali hilo. Niliulizwa mimi, nami sikulipeleka juu kama ilivyonipasa. Nikajibu mwenyewe.

"Kwa kamba," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelekezwa njia. Askari jela wakamshika mikono wakateremka naye. Mtakumbuka kwamba dakika mbili nyuma mkalimani huyu hakuwa mtu wa kufafanua.

Jumapili nilipanda hadi kwa Mzee Onchiri, karibu na Itumbe. Nilimkuta kati ya mistari ya chai na kikapu mgongoni, akichuma majani mawili na chipukizi kwa vidole vile vile vilivyochonga penseli. Hakuacha kuchuma. Nilimweleza yote nikimfuata mstari kwa mstari, na umande ukanilowesha suruali hadi magotini. Nilipomaliza akasimama.

"Kwa hiyo kanuni uliivunja penye ubaya," akasema, "ukaishika penye ubaya."

"Wewe ndiye uliyenifundisha, mzee."

"Nilikufundisha nusu. Nilidhani nusu ya pili unayo." Akakitua kikapu. Aliniangalia kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kazini. "Kwa nini nilikukataza kumpigia mtu hesabu? Ili yule aliye kizimbani asipotee mikononi mwako. Kanuni ni yake yeye. Wewe umeivaa kama koti la mvua."

Nikaanza kusema kwamba nitafukuzwa. Akanikatiza.

"Utafukuzwa ukiwa hai. Ana siku ngapi za kukata rufani?"

"Kumi na nne."

"Na umekuja kwangu kunywa chai?"

Jumatatu nikaomba ruhusa ya ugonjwa, ambayo haikuwa uongo mtupu, nikaenda Nyakoe kumtafuta mama yake Kwamboka. Aliitwa Moraa, mjane, alikuwa na migomba na mbuzi wawili. Aliposikia natoka mahakamani alifunga mlango. Nikamsalimu kupitia mlangoni. Nikamwambia mimi ndiye niliyesema umri wa mtoto na nilikosea, na ninatafuta mtu wa kuniambia siku aliyozaliwa. Kuku walinizunguka miguuni. Baada ya muda mrefu mlango ukafunguka robo.

"Kuna kitabu," akasema. "Lakini nikikwambia kilipo, mkwe wangu atamfukuza binti yangu."

"Mama, binti yako anakwenda kunyongwa."

"Najua anakwenda kunyongwa! Akirudi je? Atarudi wapi?"

Alilia, kisha akaniambia. Moraa ni Mkatoliki. Nyumba aliyoolewa Kwamboka ni ya Wasabato kama mimi, na sisi hatubatizi watoto wachanga, wala hatuandiki siku ya mtoto kwenye kitabu. Kwamboka alijifungua kwao Nyakoe, mume akiwa ametangulia Nyansiongo kushughulikia shamba jipya. Mtoto alizaliwa dhaifu, na bibi yake akaogopa. Akamfunga kwenye leso asubuhi ya siku ya tatu, akampeleka misheni, padre akambatiza, naye akamrudisha bila kumwambia mtu ila mama yake mtoto. Ndiyo maana wote wawili hawakukitaja kitabu wakati wa kesi. Walikuwa wanalinda ndoa.

Padre alinifungulia kitabu chenye jalada la ngozi iliyopasuka. Palikuwa na mstari mmoja kwa wino wa buluu: jina Yosefu, siku ya kuzaliwa mwezi wa nane, mama Kwamboka, mdhamini Moraa. Nilihesabu kwa vidole, polepole, kama mwanafunzi wangu wa darasa la pili. Miezi kumi na siku sita.

Nilimpigia simu wakili wa Kisumu kutoka posta, kisha nikaenda kwa hakimu wangu kuapa. Katika kazi hii nimeapisha watu wengi kuliko ninavyoweza kuwakumbuka, nikiwashikisha Biblia na kuwatamkia maneno. Siku ile niliishika mwenyewe. Niliandika katika hati kwamba mimi, mkalimani, sikutafsiri maneno ya shahidi. Nilitafsiri hesabu yangu. Na kwamba nilijua kosa hilo kabla adhabu haijatamkwa, nikanyamaza. Hakimu aliisoma mara mbili.

"Sentensi hii ya mwisho," akasema, "haihitajiki kisheria. Unaweza kuifuta."

"Iache, Mheshimiwa."

"Itakufuata, unajua?"

Ilinifuata. Lakini nimewaambia vyeo nitaviruka.

Rufani ilichukua miezi mitano. Sitawaeleza miezi hiyo. Majaji wa rufani walipokea kitabu cha padre, wakaifuta hukumu ya kifo, wakamhukumu kwa kosa lile dogo la mama na mtoto mchanga. Miaka minane gerezani. Bahasha ya kahawia ilipofika niliisomea kwenye korido nimesimama, kisha nikaenda chooni nikalia kama mtoto. Alasiri nilikuwa na kesi ya mpaka wa shamba. Nikasema 'mimi, mimi' hadi jioni, na lile jedwali nilikuwa nimelichana. Mahakimu wakaanza kulalamika kwamba kesi zangu zinachelewa.

Ikaja miaka ya sabini, na Bunge likapitisha sheria ya kuwanyonga majambazi wanaoiba kwa silaha. Sasa nilisema neno "kifo" mara nyingi kuliko nilivyosema "dhamana". Na watu wakaanza kuniuliza maswali. Siku moja nilimkuta baba mmoja nje ya mahakama, ameketi na binti yake wa miaka tisa aliyeharibiwa na jirani. Jirani amefungwa miaka kadhaa. Baba akanishika mkono wa koti.

"Bwana karani, nieleweshe. Mtu akichukua redio yangu na panga mkononi, ananyongwa?"

"Ndiyo."

"Na huyu aliyechukua mtoto wangu, atarudi kulima upande wa pili wa ua wangu?"

"Ndiyo, ndugu yangu."

"Sheria hiyo ilitungwa na watu wenye watoto, au wenye redio?"

Alikuwa na haki ya kuuliza, na binti yake alikuwa akitazama viatu vyangu. Mwezi uleule mheshimiwa mmoja alifanya baraza, akawaahidi watu kwamba akirudi Bungeni ataleta sheria ya kumnyonga kila atakayemuua au kumharibu mtoto, yeyote yule, bila huruma, bila kuuliza maswali. Umati ukapiga makofi. Yule baba alikuwapo, alipiga makofi akilia. Nami nilikuwa nyuma, nimesimama kama kawaida, na mikono yangu haikukutana. Mheshimiwa hakuileta hiyo sheria. Waheshimiwa wana mambo mengi. Lakini nilichoka zaidi siku ile kuliko siku yoyote ya kazi. Nilijiuliza yule baba ningemwambia nini. Ningemwambia habari ya mahindi? Angeniona nimerukwa na akili. Kwake swali lilikuwa mtoto wake, na mtoto wake alikuwa pale pale kwenye benchi, hana haja ya mkalimani.

Kwamboka alitoka gerezani kabla ya muda wake kwisha, kwa tabia njema. Mume alikuwa ameoa mwingine, kwa hiyo alirudi kwa mama yake Nyakoe, akawa anauza ndizi sokoni. Nilijua. Mji wetu ni mdogo. Tangu hapo nikawa nanunua ndizi sokoni kwingine, na kila nilipopita Nyakoe nilipita nikitazama mbele. Mke wangu hakuuliza kwa nini ndizi za nyumba yetu zinatoka mbali. Miaka mitano nikatembea hivyo.

Wiki iliyopita, nikiwa mzee asiye na kazi, mke wangu alinituma ndizi za kupika, na miguu ikagoma kwenda mbali. Nikaingia soko la Nyakoe. Nilimwona yeye kabla hajaniona, amepanga vichane juu ya gunia, amefunga leso vizuri, amenenepa kidogo. Nikageuka nirudi. Miguu yangu haigeuki haraka siku hizi.

"Tata," akaita, kwa heshima ile tunayompa mtu wa umri wa baba. "Wewe si mtu wa mahakamani?"

Nikasema ndiyo, nilikuwa.

Wanawake wa jirani wakageuka kusikiliza. Kwamboka akanitazama kama alivyonitazama siku ile.

"Wewe ndiwe uliyenihukumu kunyongwa," akasema. Hakupaza sauti.

Mwenzake akamgusa. "Alihukumu jaji, dada. Mzungu."

"Yule mzungu sikuelewa hata neno lake moja. Alikohoa tu. Huyu ndiye aliyeniambia. Nilimwuliza namna gani, akaniambia kwa kamba."

Vijana, nilikuwa na maneno mengi ya kusema. Ningeweza kusema mimi nilikuwa mdomo tu. Ningeweza kumweleza habari ya chai ya Itumbe, ya padre, ya hati ya kiapo na ile sentensi ya mwisho niliyokataa kuifuta. Mama yake alikuwa amefariki na hakuna mwingine Nyakoe anayezijua. Nilifungua mdomo nianze na "Anasema," kama siku yangu ya kwanza kazini, na hapakuwa na mtu wa kunikanyaga mguu.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ni mimi. Mimi ndiye niliyekwambia."

Akatazama miguu yangu, jinsi nilivyokuwa nikihamisha uzito toka mmoja hadi mwingine. Akaondoa kichane cha ndizi juu ya kigoda kilichokuwa kando yake, akakipangusa kwa pindo la leso.

"Keti basi," akasema. "Siku ile tulisimama sana, wewe na mimi."